Hukumlalia Mwanao

Wifi Mize,

Hukumlalia mwanao. Naanza na hilo kabla ya salamu na kabla ya dua, kwa sababu ulipokuwa hai ulilingoja neno hilo miaka tisa na hapana aliyekupa. Makame hakufa chini ya mwili wako. Ulipopanda kitandani siku ile, taratibu, usije ukamwamsha, yeye alikuwa keshakwenda au yu njiani kwenda. Mimi nilijua. Nilijua siku ile ile, na nikanyamaza.

Watu huwaandikia marehemu wao huku wanalia. Mimi machozi hayaji. Kinachonijia ni kinyaa, kama cha mtu aliyefunua kawa akaona ukungu juu ya mkate, halafu akakumbuka kwamba nusu yake keshaila.

Ngoja nikupe kwa mpangilio, maana nikiiachia hasira nitaruka mambo.

Habari ya kufariki kwako ilitufika asubuhi, tukaja Uroa siku ya pili: mimi, mume wangu na mama. Sikujua kama ulikuwa unaumwa kiasi kile. Uvimbe wa ziwa, walisema, na uliuficha mpaka ukashindwa kuinua mkono. Nyumba ya mama yako ilijaa wanawake wenzako wa kulima mwani, vidole vyao vimekauka kwa chumvi, wamekaa juu ya mikeka wanasoma. Mama yangu alipoingia alilia kuliko wote. Alilia mpaka wakamletea maji. Alimkumbatia mama yako, Bi Patima, akamwambia, "Nimepoteza mtoto mie, dada yangu." Na Bi Patima akamshukuru. Hilo ndilo lililonikwama: alimshukuru. Kisha mama akanawa mikono, akala wali wa msibani, akasema nazi imekolea.

Tulipokuwa tunarudi, tumeshaipita Dunga, mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga akasema, "Alikuwa na adabu yule mtoto. Mungu amsamehe na lile lake."

Lile lake!

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimwambia mume wangu asimamishe gari, nikashuka, nikatapika kwenye majani ya pembeni mwa barabara. Mama akashuka na yeye, akanisugua mgongo. "Mimba ya mtoto wa kike hiyo," akasema, "ndivyo inavyosumbua." Haikuwa mimba, wifi.

Sasa nikurudishe Jang'ombe, nyumbani kwetu, ulipoishi na kaka yangu Haji na sisi sote. Unakumbuka ulivyorudi kliniki na Makame wa wiki ya kwanza? Ulikaa ukumbini, hujavua hata buibui, ukatueleza walilokufundisha. Mtoto alale chali. Alale kwenye godoro lisilobonyea, awe karibu na mama yake lakini mahali pake mwenyewe, asiwekewe mto, asifunikwe uso. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Chali hulazwa maiti," akasema. "Mtoto hulazwa kifudifudi, gesi imtoke, na akicheua asipaliwe."

Ulicheka ule mcheko wako wa kuziba pua kwa mkono. "Ndivyo walivyosema, mama," ukajibu. Hukubishana. Ukaingia chumbani ukamlaza chali.

Ikawa hivyo kila siku. Mama akipita anamgeuza, wewe ukipita unamrudisha. Hukumnunia hata siku moja. Mie nikakwambia, "Wifi, utachoka," ukasema, "Mtoto wangu mwepesi kama karatasi, kumgeuza si kazi." Ulikuwa unanisuka nywele tulipokuwa tunazungumza hayo. Ulinisuka kila Alhamisi, na ulinita Mwalimu wakati mimi bado nahangaika chuoni na sijui kama nitafaulu. Hapana mwengine aliyenita hivyo nyumba ile.

Siku ile ilikuwa kama saa tano asubuhi. Ulimnyonyesha, ukamtoa gesi, ukamlaza chali, ukatoka uani kufua nepi. Nilikuwepo, niliona. Makame alianza kulialia. Mama akaacha jiko akaingia. Mimi nilikuwa napita na ndoo, pazia la chumba chenu limefunguka nusu. Nilimwona mama anachukua mto wake mkubwa wa sufi, ule uliokuwa unabonyea katikati, anauweka kitandani, anamlaza Makame kifudifudi juu yake, uso umezama. Alimpigapiga mgongoni mpaka akanyamaza. Akamfunika kanga, mpaka kichwani, inzi wasimsumbue. Alipotoka akaniona. "Umeona?" akanambia. "Hivi ndivyo analazwa mtoto. Kimya."

Nikaenda zangu na ndoo yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nakutajia umri ili usinitafutie udhuru. Sikuwa mtoto.

Ulipomaliza kufua uliingia, umechoka, usiku kucha ulikuwa naye. Ukamwona katulia chini ya kanga. Ukajilaza ukingoni mwa kitanda. Ukaamka adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, na mkono wako ukamgusa.

Ukelele wako bado ninao.

Ulitoka naye ukumbini kifuani. Ulisema, "Nimemkuta kifudifudi. Nilimlaza chali. Nani kamgeuza?" Ukamwangalia mama. "Mama, hukumgeuza wewe?" Mama akasema, "Mie nilikuwa jikoni, mwanangu. Nani amgeuze? Ulikuwa naye wewe." Halafu ukanigeukia mimi. Umenikodolea macho, na yule mtoto kichwa kimeegemea shingoni mwako. "Salma, mwalimu wangu, hukumwona mtu kuingia?"

Nikasema, "Sikuona, wifi."

Maneno mawili. Nimefundisha watoto miaka saba sasa, nimesema maneno mengi sana, na hayo ndiyo yanayonikaa mdomoni nikinawa uso asubuhi.

Majirani waliingia. Sijui ni nani aliyeanza kulitamka lile neno. Labda hapana aliyelianza, lilikuwepo tu, kama harufu. "Kamlalia." Kabla Makame hajatolewa lilikuwa limeshafika uchochoro wa pili. "Masikini, usingizi ulimzidi, kamlalia." Wengine walilisema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyokuwa chafu zaidi, maana mtu hawezi kuijibu. Walikuja kukupa mkono wa pole huku wanakupima mwili kwa macho, upana wako, mabega yako. Niliwaona wanakupima.

Arubaini haijaisha, kaka Haji akakupa talaka. Alisema kila akikuona anamwona mwanawe. Ulifunga nguo zako kwenye mfuko mmoja. Ulikuja chumbani kwangu kuniaga, ukanambia nisome kwa bidii. Ukanisuka, Mize. Siku ya talaka yako ulikaa ukanimalizia nywele kwa sababu upande mmoja ulikuwa umefumuka. Na mimi nikakaa chini nikakupa kichwa.

Nikaolewa nikahamia Kiembe Samaki. Sikuja Uroa kukuona hata mara moja. Nilijiambia ni mbali. Si mbali.

Miezi miwili baada ya msiba wako nilijifungua, mtoto wa kike kama mama alivyobashiri. Kabla hatujaruhusiwa kutoka, nesi mmoja alitukusanya wazazi wapya akashika mwanasesere akatuonyesha. Yalikuwa yale yale yako, wifi, neno kwa neno. Chali, mchana na usiku, kila anapolala. Mahali pagumu, palipo sawa, hapana mto, hapana mablanketi wala midoli. Asilale kitanda kimoja na mtu, awe pembeni ya mama. Akiwa macho, na mtu anamtazama, hapo ndipo awekwe tumboni ajifunze kuinua shingo. Mwanamke mmoja akauliza kuhusu kucheua. Nesi akasema mtoto mwenye afya akicheua huku kalala chali huyameza tena maziwa au hugeuza kichwa, hayamzibi. Anayezibwa ni yule ambaye pua yake imezama mahali laini na shingo yake haina nguvu ya kuiondoa.

Nilingoja wenzangu watoke. Nikamuuliza, "Na kama mtoto alikufa, na alilazwa kifudifudi juu ya mto wa sufi, kafunikwa, na baadaye mama yake kaja kulala pembeni?"

Akaniangalia. "Ni wako?"

"Wa wifi yangu."

Akasema hawezi kuapa, kwa sababu yeye hakuwepo na wengine huondoka bila kujulikana sababu. "Lakini kama mama alilala pembeni tu," akasema, "na mtoto alikuwa katika hali hiyo tangu kabla hajaja, mimi nisingemtazama mama. Aliambiwa hivyo, wifi yako?"

Nikamwinamia mwanangu. Nilijifanya nasikia analia.

Siku ya saba nikampa mwanangu jina lako. Nilijivuna. Nilidhani nimefanya kitu kikubwa, nimekulipa. Mama alilisifu jina, akasema, "Vizuri, jina la mtu mwema halipotei." Yeye ndiye aliyekuja kunitunza arubaini. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wa pilipili manga, mikono yake ilikuwa laini kwangu kuliko mikono yote duniani. Nakwambia hivi ili ujue si shetani. Ingekuwa rahisi angekuwa shetani.

Kila siku nilimwambia, "Mama, alale chali." Kila siku alisema, "Haya, Mwalimu." Alilichukua lile jina ulilokuwa unaniita, sijui alilisikia wapi.

Wiki ya tano, asubuhi, niliingia kuoga. Nilimwacha mtoto chali kwenye kitanda chake kidogo, chini ya chandarua. Nilipotoka, kitanda kitupu. Nikaingia chumba alicholala mama. Mwanangu alikuwa juu ya kitanda cha mama, kifudifudi, juu ya mto, kanga imemfunika mpaka kisogoni. Kimya.

Sijui niliruka vipi. Nilimnyakua nikamgeuza. Uso ulikuwa mwekundu, umelowa jasho, alama ya mshono wa mto imepita shavuni. Nikampuliza. Akakunja uso, akalia. Wifi, akalia kwa nguvu zote, na mimi nikakaa sakafuni na taulo langu.

Mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Nini tena? Alikuwa kalala vizuri!"

"Nilikwambia alale chali!"

"Chali anashtuka, halali. Nshalea saba mie, Salma. Na wewe nilikulaza hivi hivi, mbona u hai?"

Nikasema, "Na Makame?"

Mwiko ukasimama.

"Makame siku yake ilifika," akasema, lakini sauti imeshuka.

"Siku yake ilifika, sikatai. Lakini nani alimlaza?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilingoja akane. Nilitaka akane, nimtemee yote. Badala yake akanambia, "Ulikuwa mlangoni na ndoo. Najua. Ulinyamaza miaka yote hiyo, leo ndio unanihukumu?"

Hapo ndipo nilipojiona, wifi. Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba siri ni yake na mimi nimebeba tu ukingo. Kumbe tuliibeba wawili, kila mmoja anajua mwenzake anajua, tunapakuliana wali, tunapeana mkono wa Idi. Miaka tisa.

Kisha akasema lililo baya zaidi. "Mie nilimwambia Haji. Siku ya tatu, kabla watu hawajatawanyika. Nilimwambia, mwanangu, ni mimi niliyemlaza. Nikataka nimwambie na mkewe. Haji akanikataza. Akasema, 'Mama, wakijua watakuita muuaji mtaa mzima. Nyamaza, yatapita.' Ule mto niliuchoma kwa mkono wangu."

Akaufuta mwiko kwa ncha ya kanga, na ulikuwa mkavu. Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanitia kinyaa.

Nikampigia kaka simu pale pale, mtoto mkononi, nimevaa taulo. Nikamuuliza kama alijua. Nikasikia kelele za dukani kwake. Akasema, "Mambo ya zamani hayo, Salma. Ningefanya nini? Nimtoe mama mbele za watu?"

"Ukamtoa mkeo."

"Mke hupatikana," akasema. "Mama ni mmoja."

Nayaandika maneno yake yalivyo. Aliyasema kama mtu anayetaja methali, anangoja nimkubalie. Kwa hiyo alijua alipokupa talaka. Alijua aliposema anamwona mwanawe usoni mwako. Uliondoka nyumba ile na mfuko mmoja, na watu watatu waliokuwa wamesimama mlangoni kukuaga wote walikuwa wanajua. Aliyekuwa hajui ni wewe tu, uliyekuwa unalipia. Nikafikiria tulivyokuwa safi. Ukumbi unafagiwa mara mbili kwa siku, udi unafukizwa kila Ijumaa, na harufu yote hiyo ilikuwa ni ya kufunika nini.

Nilimwambia mama twende Uroa kwa Bi Patima. Akakataa. "Sura yangu nitaiweka wapi?" Nikamwambia, pale alipoiweka ya Mize. Alifunga vitu vyake akarudi Jang'ombe kabla ya adhuhuri. Siku zilizobaki za arubaini nilijikanda mwenyewe.

Arubaini ilipokwisha, mume wangu akanipeleka Uroa. Nilimkuta Bi Patima nje ya nyumba, anaanika mwani juu ya majamvi, na jirani zake wawili. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akafurahi kumwona mtoto. Akataka kumpakata. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, Bi Patima. Usimpakate kabla hujanisikia."

Nikamwambia mbele ya wale wawili. Ndoo, pazia, mto, kanga. Ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Mama alivyomwambia Haji. Haji alivyosema. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa inaendelea kuchambua mwani, anatoa vijiti, anatoa mchanga, mpaka nikamaliza, na baada ya hapo ikaendelea kidogo.

Halafu akasema, hakuniangalia, "Alikuwa halali na mtoto."

Sikumwelewa. Akanieleza. Tangu uliporudi, mtoto wa dada yako akisinzia kwenye mkeka wako mchana, unanyanyuka wewe, unakwenda kukaa kwenye kizingiti, hata kama umetoka baharini miguu imevimba. Mpwa wako mwengine alipozaliwa ulimpokea umesimama na kumrudisha umesimama. Watu wakakuona una roho ngumu. Miaka ya mwanzo ulimwambia mama yako, "Sikumlalia, mama, nilimkuta kifudifudi." Miaka ya katikati ukawa husemi. "Na mwisho," Bi Patima akasema, "yumo kitandani anaumwa, akanambia, Mama, huenda kweli nilimlalia. Aliyelala hajijui."

Wifi, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kutukanwa, kufukuzwa, kupigwa. Hilo sikujiandaa nalo. Sisi hatukukunyang'anya jina lako tu kwa watu. Tulikunyang'anya macho yako mwenyewe, ukawa huamini ulichokiona.

Jirani mmoja akatema mate chini, karibu na mguu wangu. Nilimpa haki yake.

Bi Patima akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Nikasema, "Mize."

Akainua uso kwa mara ya kwanza tangu nianze. "Mbadilishe."

"Bi Patima, nilitaka—"

"Jina lile nilimpa mwanangu mimi. Mlilikamata nyinyi mkalichafua, sasa mnataka kulivaa. Mbadilishe."

Nikasema naam. Sasa anaitwa Nasra. Mume wangu aliona ni jambo kubwa, kubadilisha jina la mtoto. Mimi niliona ni dogo sana.

Nikamuuliza mama yako anataka nifanye nini tena. Akasema, "Wale waliomwita mwanangu muuaji, unawajua?"

"Nawajua. Wengi wangali hai."

"Basi nenda kawaambie. Mlango kwa mlango. Usimpigie mtu simu, usimtume mtu. Wewe. Na wakikwambia marehemu keshakwenda, waambie mamake yupo."

Ndicho ninachofanya, wifi, kila Ijumaa baada ya sala, na Nasra kwenye mbeleko. Nabisha hodi, nakaribishwa, sikai. Nasema, "Nimekuja kuhusu Mize, mke wa kaka Haji. Hakumlalia mwanawe. Mtoto alilazwa kifudifudi juu ya mto na mtu mwengine, mama yangu, na mimi niliona nikasema sikuona." Wapo wanaonifungia mlango. Yupo aliyenambia namvunjia heshima mzazi, na huyo ndiye aliyekuwa anakupima mabega kuliko wote. Yupo aliyesema, "Mie sikusema kitu," na nilimsikia kwa masikio yangu. Wanakuwa wasafi ghafla. Ukiwauliza mmoja mmoja, lile neno lilijisema lenyewe.

Lakini nyumba moja, bibi wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hivyo kumbe mto ndio mbaya?" Nikasema mto, na kifudifudi, na kufunikwa. Akaingia ndani. Nikamfuata. Mjukuu wake wa miezi miwili alikuwa kalala tumboni, kazungukwa na mito minne kama sultani. Bibi akamgeuza chali, akatoa mito mmoja mmoja akaitupa sakafuni. "Na akicheua?" akaniuliza. Nikamweleza alivyosema nesi. Akakaa pale anamtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Nilimwacha hivyo.

Kaka Haji kanikataza kukanyaga kwake. Nimefurahi, ameniondolea kazi ya kuamua.

Mama nilikuwa sijaonana naye tangu siku ile. Natuma chakula, anakipokea. Ijumaa iliyopita nilikuwa nabisha hodi nyumba ya tatu kutoka kwetu Jang'ombe. Nikasikia viatu nyuma yangu. Mama, kavaa buibui, hakunisalimu. Mwenye nyumba akafungua, akatukaribisha kwa furaha, hajui. Nikaanza, "Nimekuja kuhusu Mize." Mama akasema, "Ni mimi niliyemlaza yule mtoto. Si yeye."

Akageuka akarudi kwake. Alijishikilia ukuta njia nzima. Sikumfuata na sikumshika mkono. Labda siku moja nitaweza. Siku ile bado nilikuwa nasikia ladha ya wali wa msiba wako mdomoni.

Sikuombi radhi, Mize. Radhi huombwa mtu anayeweza kukataa, na wewe hatukukubakishia hata hilo. Nakuombea Mungu akukutanishe na Makame, akupe usingizi mtamu pamoja naye bila hofu yoyote.

Nakuaga hapa. Zimebaki nyumba nne. Nitazimaliza kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mama akija au asije. Nikimaliza nitakwenda Uroa kumwambia Bi Patima kwa mdomo wangu kwamba zimekwisha. Akinifungulia nitaingia. Asiponifungulia nitasema nikiwa nje, kwa sauti, majirani wasikie.

Wifi yako,
Salma